Lensi ya Kuvuta

"Lensi isiyovuta hukulazimu umsogelee mtu," muuzaji alimweleza mteja wake kwa subira. "Kwa picha za sura haina mpinzani. Ya kuvuta ni ya barabarani; utasimama hapa mlangoni, naye asijue."

"Basi nipe ya kuvuta, dada. Huyu wangu akiniona, hukimbia."

Muuzaji alicheka, akamfungia lensi kwenye kamera aijaribu. Mteja alilenga ghorofa ya ng'ambo, akabofya, akamwonyesha picha.

Dirishani alisimama mdogo wake yule muuzaji, ambaye dada huyo alikuwa amemficha humo mwezi mzima sasa. Mshono wa jeraha la shavuni ulionekana hadi nyuzi zake.

"Hii haiuzwi," muuzaji alisema taratibu, akaishika lensi.

Mteja hakuiachia. Aliitazama picha, kisha akamtazama yeye.

"Kumbe mnafanana."