Mwanamke wa Nne

Picha ilikuwa ndani ya kanga ya marehemu mama. Ilionyesha watu wanne, siku ya safari ya kwanza ya Mwezini, ile isiyokuwa na chombo cha kurudi. Watatu tunawajua tangu darasa la kwanza. Wa nne vitabu humwita mwanamke asiyejulikana. Nyuma, kwa kalamu ya risasi, bibi yangu alikuwa ameandika: "Mama yangu, Nyamizi."

Sheria inasema kila baada ya miaka mia, mwenye damu na jina la mtangulizi wa safari ile aifuate njia yake. Miaka mia inatimia Juni hii.

Kumbe ndiyo maana mama alinisihi nisimpe binti yangu jina hilo! Lakini kwetu kifungua mimba hupewa jina la bibi wa mbali kuliko wote, nami nilitaka sifa.

Niliitia picha kwenye mkaa. Ilikuwa bado inajikunja hodi ilipopigwa. Alikuwa mama mmoja wa Ofisi ya Watangulizi, mpole, akiuliza nyumba kwa nyumba habari za yule mwanamke wa nne.

"Hapa hatuna habari zozote, dada," nilimwambia.

Binti yangu akatoka uani, mikono imejaa unga, akapiga goti kama nilivyomfundisha kuwaamkia wageni.

"Shikamoo. Mimi ni Nyamizi wa Kabula, wa Wande, wa Tabu, wa Nyamizi ambaye kaburi lake hatulijui."

Mgeni akapiga magoti yeye, mbele ya mtoto wa miaka saba.