Mwanga wa Mama Gertruda

"Mwanga ule ni wangu," alisema Scholastica, na mkutano mzima wa kijiji ukamgeukia.

Mama yake, Gertruda, alikuwa ameketishwa mbele peke yake, rozari mkononi. Aliposikia maneno ya bintiye akainamisha kichwa. Tangu Kwaresima watu walikuwa wakisema kwamba mwanga wa kijani unatoka usiku kwenye paa lake. Jioni hiyo walikuja kuamua kuwa mama huyo ni mwanga, mchawi wa usiku, ahame, aache nyumba na kahawa yake.

"Mmesikia wenyewe," alisema Elias, jirani yake. "Binti anafundisha mwanga chuoni, mama anawanga nyumbani. Kazi ya ukoo."

Watu wakaangua kicheko. Scholastica alikuwa mwanafizikia, mtafiti wa leza, na hakuwa mtu wa kuyumbishwa. Aliwahi kukataa kutia jina lake kwenye makala ya mkuu wake kwa sababu ya kipimo kimoja cha kubuni. Cheo kikampita, naye akaenda zake kanisani kushukuru.

"Cheka mpaka uchoke, kaka Elias. Mama haondoki."

Mwenyekiti, mzee Bartholomayo, aliinua mkono. "Mwanangu, wewe tunakujua, hudanganyi. Hebu tueleze."

"Mzee, natafiti ukungu unaopanda huku kutoka ziwani. Naupima kwa leza. Mashine niliiweka darini kwa mama, ikawa inajiwasha yenyewe usiku. Kosa ni langu, sikuwataarifu."

Akaipandisha mezani mashine aliyokuja nayo, akaunga nyaya kwenye betri ya gari.

"Mtu asichungulie kwenye tundu. Inaharibu macho."

Ukungu wa jioni ulikwisha kuingia uwanjani. Alipobonyeza, mstari wa kijani, mwembamba, ulionyooka kama kamba ya mwashi, ukapasua ukungu hadi kwenye mibuni ya ng'ambo ya bonde. Watu wakarudi nyuma. Mama mmoja akapiga ishara ya msalaba. Kisha mtu akacheka, na safari hii haikuwa kicheko cha kumcheka mtu.

"Ndio huo uliouona?" Mwenyekiti alimuuliza Elias.

Elias alijikuna shingo. "Unafanana."

"Nimekuuliza, ndio huo au sio huo?"

"Ndio huo, mzee."

"Basi mama yetu aombwe radhi, na maneno haya yaishie hapa."

Wakapita mmoja mmoja kumshika mkono. Elias alipita wa mwisho.

"Wewe utakuja kunisaidia kuchuma kahawa," Gertruda alimwambia. "Hiyo ndiyo radhi yangu."

Mama na binti walishika njia ya nyumbani. Walipobaki wawili tu, Gertruda akasimama.

"Scholastica. Darini kwangu kuna mahindi matupu."

"Najua, mama. Mashine ilifika juzi tu kutoka Ujerumani."