Punda Aacha Roki

Punda alikuwa bingwa wa muziki wa roki. Alipofungua kinywa, ndege walihama miti. Siku moja akavaa tai, akatoa albamu ya dansi laini, akaja kuiimba ukumbini.

"Umeishiwa pumzi, mzee," akasema Nyani. "Turudishie kelele zetu."

Punda hakupandisha sauti hata chembe. Aliimba taratibu, akiyumba kwa raha, huku Nyani na wenzake wakitoka mmoja mmoja wakimzomea. Alipofika ubeti wa mwisho, ukumbi mzima alibaki Kobe tu, yuko katikati ya sakafu, anacheza.

"Miaka yote nakuja kucheza nyimbo zako, ndugu yangu," akasema Kobe, "ila huwa zinaisha nikiwa bado mlangoni."

Punda akakaza tai, akaurudia wimbo toka mwanzo, polepole zaidi.