Ua wa Shamte

Miaka miwili mizima Shamte alishikilia neno moja: ua ni wa mwenye nyumba, mpangaji hakati hata jani. Michongoma ikarefuka hadi ikampita kimo, na yeye wala hakujali. Mpaka asubuhi ile mkewe, Siwema, alipomsifia Hemedi, mpangaji wa nyumba ya jirani, kwamba upande wake umenyooka kama umepigwa pasi.

"Tena kasema akimaliza kwake atatukatia na huku," Siwema alisema, akianika nguo.

"Atukatie? Kwani mimi sina mikono?"

"Unayo, baba Nuru. Nilidhani nayo ni ya mwenye nyumba."

Shamte akatoka na panga. Kila alipofyeka alimwona akilini Hemedi akisifiwa, akazidi kuushusha ua. Majani yakaruka, jasho likamtiririka, roho ikaanza kumtulia. Alipoinua kichwa, ua wote ulikuwa unamfika kiunoni. Ng'ambo yake, hatua tatu tu kutoka kwenye kamba ya Siwema, alikuwa amesimama Hemedi, kifua wazi, mkasi wa bustani mkononi.

"Umefanya kazi, jirani," Hemedi alisema. "Sasa tunaonana."

"Karibu chai, shemeji," Siwema akaitikia.

Shamte aliitazama michongoma. Ingechukua mwaka kurudi ilipokuwa. Akalitupa panga, akaenda kusimama katikati yao, kifua mbele. Siwema aliposogea mwisho wa kamba na shuka lake, naye akasogea huko huko, mikono kaitandaza.