Jina la Siku ya Saba

Siku ya saba, wanawake wa mtaa walijaa sebuleni kwa Siwema kusikia jina la mwanawe. Kwao jina halitajwi kabla ya siku hiyo. Yeye alimdokezea dada yake tu, kwa simu.

Ofisa wa serikali akabisha hodi, karatasi mkononi.

"Shikamooni. Sheria mpya, mkizidi kumi lazima kibali. Saini hapa, Mama Zamda."

Vigelegele vikakatika. Siwema alihisi maziwa yamemkauka kifuani. Zamda ndilo jina lenyewe.

"Umeambiwa na nani?"

"Simu zote tunasikiliza, mama. Kwa usalama wenu."

"Kwani kichanga hiki nacho kinawatisha?" shangazi yake Siwema akafoka.

Siwema akairudisha karatasi bila saini. Akamwinamia mwanawe, akamnong'oneza jina jingine sikioni, huku ofisa akinyoosha shingo, kalamu tayari.