Mlinzi Asiye na Upande

Kaa, Kasa na Pweza waliishi katika ghuba moja, kila mmoja na ufuo wake, na wote watatu walikuwa na watoto wachanga. Siku papa alipoonekana mlangoni mwa ghuba, walikutana haraka ili wachague mlinzi mmoja wa kuwalindia wote.

"Nitalinda mimi," alisema Pweza. "Nina mikono minane."

"Ndiyo hiyo tunayoiogopa, shoga," alijibu Kaa. "Utaanza kwa kutulinda, utamalizia kwa kutukamata."

"Basi alinde Kaa," alisema Kasa.

Pweza alicheka. "Huyu anayetembea kiupandeupande? Papa akija huku, yeye atakimbilia kule."

"Na wewe Kasa usijisumbue," alidakia Kaa. "Mpaka ufike, tutakuwa tumeshafanyiwa matanga."

Walibishana mpaka maji yakajaa, na yule papa akaingia taratibu. Aliwaamkia kwa adabu.

"Majirani zangu, mimi sina ufuo hapa. Nipeni kazi hiyo. Sitampendelea yeyote."

Walitazamana. Kweli, hakuwa wa upande wowote. Wakamkabidhi ulinzi, wakaenda kulala kwa amani.

Asubuhi Kaa alikuta mwanawe mmoja ameliwa. Alilia, akajigaragaza mchangani, kisha akamwita Kasa.

"Shoga, na kwako?"

"Kwangu pia, mmoja."

"Na kwa Pweza je?"

"Naye mmoja."

Kaa alifuta machozi.

"Afadhali," alisema. "Mlinzi huyu ana haki. Tungemchagua Pweza, wangeliwa wangu tu."