Uzi Mwekundu

Ilikuwa siku ya tatu ya matanga ya mkewe, na mzee Ngoie wa reli hakuwa ametia kitu kinywani. Binti yake akapiga magoti mbele yake na sahani. Tangu aolewe na mvuvi wa Kinkondja, miaka sita sasa, baba alikuwa ameapa hatakula cha mkono wake.

"Tata, kula kidogo."

Samaki mkavu, mkia umefungwa kwa uzi mwekundu. Ngoie akaushika uzi. Kila Jumapili alifungua mwenyewe uzi kama huo, akimsifu mkewe kwa kujua kuchagua sokoni.

"Hii uzi, nani anafungaka?"

"Njo miye nafungaka, tata. Mama alikatazaka nikuambie."

Fundo likamshinda.

"Unifungulie, mwana wangu. Macho haione."